Sumu haikutoka mtoni

Mwandishi wa makala moja kuhusu mji wa Flint, jimbo la Michigan kule Marekani, anasema maji ya mto Flint yalikuwa na sumu ya risasi, yaani ile metali laini (lead), si risasi ya bunduki. Hapo naomba nimsahihishe kidogo, mimi fundi bomba. Risasi haikutoka mtoni. Ilikuwa kwenye mabomba, imelala humo miaka nenda miaka rudi. Maji ambayo mji wa Flint ulikuwa ukinunua mji wa Detroit yalitiwa fosfeti, kemikali ambayo hujenga utando mwembamba ndani ya bomba ili maji yasigusane na risasi yenyewe. Aprili 2014 mji ukahamia maji ya mto, yenye kloridi (chumvichumvi inayokula metali) nyingi zaidi, na fosfeti hawakutia. Utando ukabanduka. Oktoba mwaka huohuo General Motors, watengenezaji wa magari, wakayakataa maji yale kiwandani kwao kwa sababu yalikuwa yakila vipuri vya injini. Vipuri vikaokolewa, watoto wakaendelea kunywa mwaka mzima!

Shaba nayo hulika, ila yenyewe ina adabu, huacha alama: ile michirizi ya kijani kwenye sinki, chini ya koki. Risasi ikishaingia kwenye maji haina rangi wala ladha. Mwenye nyumba ya zamani huko Marekani akwaruze kwa ufunguo bomba linaloingia ndani. Likiwa laini, linang'aa kama fedha na sumaku haigandi, ndilo la risasi.

Na jamani, kwa msomaji aliyeandika kwamba watu wa Flint wangechemsha tu maji: maji hupungua kwa mvuke, risasi inabaki palepale sufuriani.