Vinundu kwenye mikaratusi: tuing'oe?

Juzi, kwenye kitalu kimoja karibu na mji wa Luanda, Vihiga, nilichuma jani changa la mkaratusi. Mshipa wake wa katikati ulikuwa umefura, vinundu vimepangana kama shanga, vingine kijani, vingine vimeanza kuiva rangi ya waridi. Nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani mlikuwa na buu mweupe, mdogo kuliko punje ya wimbi.

Huyo ni mtoto wa nyigu aitwaye Leptocybe invasa, mzaliwa wa Australia kama mkaratusi wenyewe. Huku kwetu Magharibi mwa Kenya alionekana mwaka 2002, hata kabla wataalamu hawajampa jina hilo, mwaka 2004. Jike ana urefu wa milimita moja na kitu, na kwa kawaida huzaa bila dume. Mti mkubwa humvumilia. Mche na machipukizi ya kisiki ndiyo huumia: ncha hujikunja, na ulichotarajia kiwe nguzo kinabaki kichaka.

Wanaosema tuing'oe wana hoja nzito. Mkaratusi unalaumiwa kwa kukausha chemchemi, na mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ukatwe kandokando ya mito. Mti unaomaliza maji, na sasa una mdudu, wa nini?

Lakini mwenye nusu ekari kule Vihiga naye ana swali: apande nini kitakachomlipia karo upesi hivyo? Siala, au lusiola kwa Waluhya, naipenda kuliko miti yote, ila haina haraka. Saipresi nayo ilivamiwa na vidukari mwaka 1990, nyua zikakauka tukiangalia. Kubadilisha mti pekee hakujawahi kutuepusha na wadudu.

Dawa ya kupulizia haisaidii sana, kwa kuwa buu amejifungia ndani ya kinundu. Israel ilileta kutoka Australia nyigu wengine wadogo wanaomshambulia huyu humo humo ndani. Afrika Kusini iliachilia wa aina ya Selitrichodes neseri mwaka 2012. Najua wengi huogopa kumfukuza mgeni kwa mgeni mwingine, na ni haki yao kudai achunguzwe kwanza. Ila kumwacha huyu wa kwanza atambe peke yake naona ni hatari zaidi.

Hata hivyo, kwangu kosa kubwa liko kitaluni. Aina nyingine za mkaratusi huvimba vibaya, nyingine zikikaa kando yake hazina hata kinundu, na bado miche huuzwa imechanganywa. Niliwahi kununua miche 200 kwa mtu aliyeniapia kuwa ni aina safi. Mvua ya pili haijaisha, karibu yote ilikuwa imefura, na pesa zangu hazikurudi.

Msimu huu siala nimeipanda chini kando ya kijito, mikaratusi michache juu mlimani, na kila mche niliugeuza jani kwa jani kabla ya kulipa.