Kiraka cha mistari mitatu

Wiki iliyopita nilitoka kwenye kikao na hasira mpaka chakula cha mchana hakikupita.

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni moja hapa Dar ninayoifanyia kazi kwa mkataba inauza mfumo wa mauzo kwa maduka ya jumla. Risiti za mfumo huo zinatengenezwa na maktaba ndogo ya programu huria, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na wengine, ambacho msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha. Hatukuiandika sisi, wala hatujawahi kuilipia hata shilingi. Mwaka jana wateja walianza kulalamika kwamba baadhi ya risiti zinatoka bila jumla. Kijana wetu mmoja akakaa na tatizo hilo siku nne. Akagundua kwamba jina la mteja likiwa refu, haya majina yetu ya baba, babu na ukoo, linakatika kuwa mistari miwili, na maktaba ilikuwa inahesabu mmoja. Basi mstari wa mwisho kabisa, ule wenye hela, ulikuwa unasukumwa nje ya karatasi. Dawa yake ilikuwa kiraka cha mistari mitatu ya msimbo, yale maelekezo ambayo kompyuta huyafuata.

Kijana akaomba ruhusa amtumie mtunzaji wa maktaba kile kiraka. Akakataliwa. Aliambiwa kampuni imelipa mshahara wa siku nne kwa kazi hiyo, haiwezi kuwagawia washindani.

Mwezi uliopita likatoka toleo jipya la maktaba lenye marekebisho ya usalama, tukalazimika kulichukua. Aliyeliweka hakuwa na habari za kiraka chetu, kikafutika. Jumla zikapotea tena, na safari hii ilikuwa mwisho wa mwezi, maduka yakifunga hesabu. Simu hazikukatika siku mbili. Halafu kwenye kikao nikasikia kwa masikio yangu kwamba hizi programu za bure ndizo zinazotuangusha.

Si kweli. Tulijiangusha wenyewe. Kiraka ukikificha, umejitwika mzigo wa kukishona upya kila toleo linapotoka, miaka yote utakayouza bidhaa hiyo. Na anayejua kukishona akiacha kazi, ameondoka nacho. Ukikirudisha kwa mtunzaji, kinaingia kwenye maktaba yenyewe. Watu usiowajua wanakijaribu kwa mashine zao, na toleo lijalo linakuja nacho tayari. Zile siku nne za mshahara zilikwisha kutumika. Kilichobaki kilikuwa kutuma, kazi ya saa moja, na saa hiyo ingetuokolea mwisho wa mwezi mzima.

Kwetu Upareni mifereji ya maji ina utaratibu wa miaka mingi. Ikipigwa mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba inayomwagilia inatoa mtu wa kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji. Marehemu babu alikuwa akienda na jembe hata mwaka ambao shamba lake lilikuwa dogo kuliko yote, kwa sababu alijua tope halichagui, likijaa maji hayafiki kwake pia. Nataka kampuni zinazouza mifumo zilitazame jambo hili kwa jicho hilohilo. Kurudisha kiraka ni sehemu ya kutengeneza bidhaa, sawa na kulipia umeme wa ofisi.

Tope likiachwa tunajua linafika wapi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo endeshi ya Linux ya kila aina. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan, na alikuwa ameshiriki kwenye mradi zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Kabla ya hapo, mwaka 2022, mtunzaji wa siku zote, Lasse Collin, alishaandika hadharani kwamba uwezo wake umepungua na kwamba ile ni kazi ya mapenzi isiyo na malipo. Kampuni tajiri kuliko zote duniani zilikuwa zimeegemea bega la mtu mmoja aliyechoka. Hilo linaniuma kuliko ule mlango wenyewe.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kampuni zinazofungua msimbo nazo zinaumizwa. Redis, kampuni yenye hifadhidata ya jina hilohilo, iliacha leseni huria Machi 2024 ikilalamikia wauzaji wakubwa wa seva za kukodi wanaochuma juu ya kazi yake, na malalamiko hayo yana ukweli. Lakini ndani ya msimbo ule kulikuwa na jasho la watu wengi wa nje waliochangia kwa masharti ya zamani. Mwezi haukuisha, hifadhidata mbadala, Valkey, ikazaliwa kutoka kwenye msimbo uleule chini ya Linux Foundation, shirika linalolea miradi huria. Mwaka 2025 Redis yenyewe ikarudisha leseni huria, AGPL, kama mojawapo ya chaguo.

Na anayesema huwezi kula kwa programu huria aitazame Red Hat, kampuni inayouza Linux na huduma zake: IBM iliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Au atazame karibu zaidi, kwenye DHIS2 inayokusanya takwimu za vituo vya afya hapa Tanzania na Kenya. Chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, msimbo wake uko wazi, na kuna watu wanaojipatia riziki halali kwa kuisakinisha, kuifundisha na kuiongezea vipande.

Nilimwomba mkurugenzi mkataba ukihuishwa tuweke sharti: kila kiraka kinachogusa maktaba ya watu kirudishwe ndani ya siku saba. Amesema atalifikiria. Kiraka cha risiti, hata hivyo, amekiruhusu.

Kijana alikituma Jumatatu usiku. Asubuhi mtunzaji akajibu, akashukuru, akaomba mfano wa jina refu wa kufanyia jaribio. "Dada, tuweke jina gani?" kijana akaniuliza. Tukabuni la maneno sita, la mwisho likiwa la ukoo wa Kipare, tukaendesha jaribio na kusogea karibu na skrini wote wawili. Jina likakatika mistari miwili, na chini yake jumla ikatokea.