Chuma cha vita: Flanders wanakiitia jeshi, Lindi tunakipeleka kwenye mizani

Oktoba 1917 watu walikuwa wakiuana kwa mizinga katika sehemu mbili ninazozifahamu vizuri. Moja ni Passchendaele, Ubelgiji, jirani na ninapoishi sasa. Nyingine ni Mahiwa, mkoani Lindi, upande wa nyumbani kwetu. Vita ni ile ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwezi ni ule ule, na vyuma vilivyobaki ardhini vinafanana. Lakini vikifukuliwa leo vinapokelewa kwa namna mbili tofauti kabisa, na jambo hilo linaniuma.

Siku za mapumziko nachukua ditekta yangu, kile kifaa cha kutafutia vyuma ardhini, na kupita mashambani viazi vikishavunwa. Huku huamki tu asubuhi ukaenda kuchimba. Lazima serikali ya Flanders, eneo hili la Ubelgiji, iwe imekutambua kama mtafutaji, mwenye shamba awe amekuruhusu, na kitu chenye thamani ya kihistoria ukikipata unakiripoti. Wapo wenzangu wanaolalamikia utaratibu huo. Mimi naukubali, kwa sababu nimeona mahali ambapo haupo.

Kwenye mashamba haya sarafu ni za kubahatisha. Kinacholiza ditekta kutwa ni vipande vya mabomu. Vingine ni vidogo kama ukucha, vingine vinajaa kiganja, vimeliwa na kutu lakini kingo zake bado zinakata ngozi. Mara nyingine unapata mkanda wa shaba uliokuwa umezungushiwa bomu la mzinga, na ukiupangusa udongo unaona mifereji ya mshazari iliyochongwa na mtutu wakati bomu linatoka. Ukiuona mkanda wenye mifereji hiyo unajua kwamba bomu hilo lilifyatuliwa. Mkanda laini usio na alama ni habari nyingine: huenda bomu halikufyatuliwa kabisa, na kuna uwezekano lenzake zima limelala hapo hapo chini. Pia kuna gololi za madini ya risasi, nzito kuliko unavyotarajia, zenye ukoga mweupe. Bomu moja la mzinga lililotengenezwa kwa ajili hiyo lilikuwa likibeba mamia ya gololi hizo na kuzimwaga juu ya vichwa vya watu.

Mvua za 1917 ziliigeuza ardhi ya hapa kuwa tope, na mabomu mengi yalizama humo bila fyuzi zake, yaani viwashio vyake, kufanya kazi. Kila mwaka baridi kali na majembe ya trekta huyapandisha juu. Mkulima akikutana nalo halipigi teke wala halipeleki nyumbani. Analiweka pembeni mwa shamba, anapiga simu polisi, na kikosi cha mabomu cha jeshi, DOVO, kinakuja kulichukua na kulipeleka kwenye kituo chake cha Poelkapelle. Wanakusanya zaidi ya tani 100 kwa mwaka, karne moja baada ya vita. Yanayodhaniwa kuwa na gesi hupigwa eksirei kwanza. Ikumbukwe kwamba gesi ya klorini ilifunguliwa karibu na mji wa Ypres, huku huku, tarehe 22 Aprili 1915, na gesi ya haradali ikafuata Julai 1917. Sumu ya gesi za vita bado iko hai ndani ya vyuma vinavyoonekana vimekufa.

Sisemi kwamba huku wamemaliza tatizo. Machi 2014 bomu la vita hiyo lililipuka kwenye eneo la ujenzi mjini Ypres na kuua vibarua wawili. Ila mtu wa kawaida anajua afanye nini na ampigie nani.

Sasa twende nyumbani. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, pale Mahiwa na Nyangao, majeshi ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yalipambana na majeshi ya Waingereza kwa siku nne mfululizo. Waliokuwa wakifyatuana humo wengi walikuwa Waafrika: askari wa Mjerumani upande mmoja, Wanaijeria na King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha askari wa Afrika Mashariki, upande wa pili. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Miezi mitatu kabla, tarehe 19 Julai, palikuwa pamewaka moto Narungombe, upande wa Kilwa. Maeneo hayo leo ni mikorosho, ufuta na mihogo.

Nilimuuliza mjomba wangu kwenye simu kuhusu vyuma vinavyotoka wakati wa kulima.

“Mjomba, vile vipande mnavipeleka wapi?”

“Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mjomba. Anakuja na mizani yake. Kilo ni kilo.”

Nikamuuliza kama mnunuzi huwa anachagua. Akasema haangalii, anapima tu na kutupia kwenye guta. Vikitoka hapo vinakwenda kukatwa, kugongwa nyundo na kuyeyushwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria yule kijana anayeshika nyundo. Baruti ya zamani haipoi kwa kukaa ardhini. Baadhi ya mabomu ya enzi hizo yalijazwa asidi ya pikriki, na kadiri inavyokutana na metali kwa miaka mingi ndivyo inavyozidi kuwa hatari kuguswa.

Wala hatuhitaji kurudi 1917 kupata ushahidi. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la kutupwa kwa mkono liliua wanafunzi. Mtoto alikuwa amelibeba akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Mkoa wa Kagera umepitiwa na vita vya Idi Amin vya 1978 na 1979 na unapakana na nchi zilizokuwa na vita vyao. Mtoto wa Ngara alistahili kufundishwa umbo la bomu kama mtoto wa Flanders anavyofundishwa.

Kinachonishangaza ni kwamba ditekta nyumbani zipo. Zinauzwa, zinaazimwa, na usiku watu wanachimba. Ila wanachotafuta ni mali ya Mjerumani: sanduku la dhahabu lililozikwa chini ya mbuyu, sarafu ya rupia inayosemekana kuvuta mchele, zebaki nyekundu. Nimeona video za vijana wakitoboa kitu cha duara chenye kutu wakiamini kina utajiri ndani. Nimezitazama nikiwa nimeshika mdomo. Ndugu zangu, Mjerumani aliondoka nchi hii akiwa anakimbizwa, amechoka, ana njaa, na wapagazi wake wanamtoroka. Alichotuachia ardhini kwa wingi ni vyuma vya vita.

Na vyuma hivyo vina thamani nyingine ambayo mizani haiipimi. Pale Ypres, kwenye Lango la Menin, yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari ambao miili yao haikupatikana wala kutambuliwa. Wapagazi wetu, waliobeba unga, risasi na mizinga kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma, walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na magonjwa, na wengi hawana jina popote. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba Waafrika na Waasia wengi waliachwa bila kukumbukwa kwa majina. Ikiwa majina hayapo kwenye karatasi, basi ganda la risasi lililookotwa kwenye korongo fulani ni ushahidi wa walipopita na walipoangukia. Likishapimwa kilo, ushahidi umeyeyuka.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kwa hiyo ganda la 1917 linabaki nje, na nadhani mwaka huo ungesogezwa mbele. Lakini hilo ni la wabunge, nao huchukua muda wao.

Kitu kimoja nyumbani tunawashinda watu wa huku. Wenzangu wa Flanders wakisoma nambari kwenye fyuzi wanakuambia kiwanda na mwaka, ila hawana mzee wa kuwaonyesha njia. Mjomba wangu anajua bonde ambalo babu yake alikatazwa kulima kwa sababu lilizikiwa watu. Anajua kisima ambacho askari walikunywa. Hayo hayajaandikwa, na walioyasikia kwa waliokuwepo wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye mashamba Mahiwa, Nyangao, Mtama na Narungombe. Jembe likigonga chuma usichokielewa, acha kulima hapo, weka alama ya kijiti, waondoe watoto, mwite mtendaji wa kijiji au polisi. Usikigonge, usikichome, usikipeleke kwenye mizani. Piga picha ukiwa mbali kidogo, andika jina la kitongoji na shamba la nani, kisha muulize mzee wa karibu palikuwa na nini hapo zamani. Majibu yake yarekodi kwenye simu hiyo hiyo.