Bodi ya migogoro iundwe kazi inapoanza, sio mkishagombana

Jamani hii tabia ya kuita wataalamu mradi ukishaharibika inaniuma sana. Kwenye mabwawa, reli, bandari, watu wanakaa kimya mpaka mwajiri (mwenye mradi) na mkandarasi hawasalimiani tena ndo wanakumbuka kutafuta mtaalamu wa ucheleweshaji aje aseme nani kachelewesha. Sasa huyo atafanya nini zaidi ya kufukua barua na ratiba za zamani, wakati nusu ya waliokuwepo saiti washahama.

Na dawa ipo siku nyingi tu. Handaki la Eisenhower kule Colorado, Marekani, tundu la kwanza liliwatesa kwa muda na gharama, basi la pili lilipoanza 1975 wakaweka bodi ya wataalamu watatu inayofuatilia kazi tangu mapema na migogoro ikamalizwa bila mahakama. FIDIC, lile shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotoa mikataba ya mfano ya ujenzi, nao toleo la 2017 wanataka bodi ya kudumu kwenye vitabu vyote vitatu vya mikataba, chekundu, cha njano na cha rangi ya fedha, wajumbe wanafika saiti na zisipite siku 140 bila kuonekana, mgogoro ukipelekwa rasmi wana siku 84 za kuamua. Lakini mimi nasema thamani yao kubwa iko kabla ya hapo, pale pande zote mbili zinapowauliza maoni mapema jambo likiwa bado dogo.

Kingine ni kumbukumbu. Daftari la saiti limeandikwa "mvua, kazi imesimama" halafu unataka ulipwe! Mvua ilianza saa ngapi, msingi upi ulijaa maji, ekskaveta ngapi zilikaa bure, mafundi walihamishiwa wapi, na je hiyo kazi ilikuwa kwenye njia kuu ya ratiba, yaani ikichelewa mradi mzima unachelewa, au ilikuwa na nafasi ya kusubiri? Bila hivo hata mtaalamu bingwa anabaki kukisia. Na kwa mikataba hiyo ya FIDIC notisi ya madai ni ndani ya siku 28 tangu ulipojua au ulipotakiwa kujua tukio lenyewe, ukilala haki yako inaweza ikapotea hata kama ni ya kweli kabisa.

Waajiri wengi wanakifuta hiki kifungu cha bodi eti gharama, wakati ada inagawanywa nusu kwa nusu na mkandarasi. Mi naona wafadhili wanaokopesha hii miradi wakatae kutoa hela ya kwanza mpaka bodi iwe imeshateuliwa na mkataba wake umesainiwa.