Meya wa kuchaguliwa, hundi za kuteuliwa
Mwandishi wa makala mliyochapisha kuhusu meya wa Dar es Salaam anashauri meya achaguliwe moja kwa moja na wapiga kura, kama wanavyochaguliwa magavana wa kaunti 47 za Kenya tangu 2013. Naunga mkono nusu tu. Kwetu Tanzania meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, lakini mkurugenzi, ambaye ndiye ofisa masuuli wa halmashauri, yaani msimamizi mkuu wa matumizi ya fedha zake, huteuliwa na Rais. Kwa hiyo hata tukimpigia meya kura sisi wenyewe bila kugusa mamlaka hayo ya mkurugenzi juu ya fedha, tutakuwa tumempa joho na mkufu tu.

Mtaani kwetu kingo za mtaro zilibomoka masika yaliyopita. Diwani alikuja na viatu vya mpira, akapima ufa kwa fimbo, akaandika kwenye daftari, kisha akatuambia bila kuficha kwamba kazi yake ni kuomba fedha tu. Simlaumu.

Jambo ambalo makala imelipita haraka mno ni kuvunjwa kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyounganisha manispaa zote, mwezi Februari 2021, Ilala ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Sasa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina baraza lake, ilhali Mto Msimbazi unapofurika haujui mipaka ya halmashauri. Kabla ya kubishania nani amchague meya, ningependa tupate baraza la pamoja la kuchaguliwa, lenye fungu lake, kwa ajili ya mitaro, taka na usafiri. Mkuu wa Mkoa, kwa kuwa naye huteuliwa, hawezi kuziba pengo hilo.