Dole Gumba

Kwa kuwa rafiki yangu ameshatangaza kila mahali kwamba mhunzi alikifua kisu changu kwa nyundo, nami nikakifua kwa sabuni mpaka mchoro ukatoka, sina budi kueleza ukweli, ambao kwa bahati mbaya una aibu kubwa zaidi.

Kwanza, hamon, yaani ule mstari wa mawimbi unaoonekana kwenye bapa la kisu, si mchoro. Mhunzi hupaka udongo mgongoni mwa kisu, hukichoma motoni hadi kiwe chekundu, kisha hukizamisha ghafla. Makali yasiyo na udongo hupoa haraka yakawa magumu, mgongo hupoa taratibu ukabaki laini, na pande hizo mbili zinapokutana ndipo unapoonekana ule ukungu wenye mawimbi. Mstari huo umo ndani ya chuma chenyewe, kwa hiyo hautoki kwa sabuni. Unaweza tu kufichwa, na katika fani hiyo nimehitimu.

Mhunzi aliniagiza mambo mawili tu: nikikaushe kila nikitumiapo, kisha nikipake tone la mafuta mepesi. Mimi, usiku wa kuamkia siku ambayo angekuja kukitazama, niliona doa dogo, nikachukua dawa ya kung'arishia vyuma, nikasugua hadi nikaweza kuhesabu meno yangu kwenye bapa. Meno yalionekana vizuri sana. Hamon haikuonekana. (Mnaocheka sasa hivi, tunzeni pumzi, bado hatujafika.)

Nilikumbuka kwamba asidi hafifu huula ule upande mgumu na ule laini kwa namna tofauti, na hivyo huurudisha mstari. Nikapasha siki moto, nikakiosha kisu, nikakifuta kwa spiriti ili pasibaki hata chembe ya mafuta, kwa sababu penye mafuta siki haigusi chuma. Nililijua hilo. Naomba liandikwe mahali kwamba nililijua.

Nikiwa nimekishika kwa mpini, tayari kukizamisha, niliona uzi mmoja wa kitambaa umelala katikati ya bapa. Ningeweza kuupuliza. Ningeweza kukifuta upya. Badala yake niliinua dole gumba polepole, dole lililokuwa limetoka kwenye mkate wa siagi, nikaukandamiza uzi huo kwa upendo, nikauondoa, nikakizamisha kisu, kisha nikamwita rafiki yangu aje kushuhudia.

Tuliinama juu ya chombo. Chuma kilianza kuwa kijivu, halafu kijivu kikakolea, na ukungu wa hamon ukachomoza wimbi baada ya wimbi, nami nikawa nafafanua kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kiwandani. Nilikitoa, nikakipitisha majini, nikakielekeza kwenye taa. Pale katikati, likimeremeta juu ya ule weusi, lilikuwa dole gumba langu zima, na mistari yake yote, safi kuliko lile nililowahi kuweka kwenye hati yoyote. Rafiki yangu alilitazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akauliza, "Umeshasaini, au bado shahidi?"

Yaliyofuata ni mafupi: msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kwa kuvuta upande mmoja tu, spiriti tena, siki tena, maji yenye soda ya kuokea ili kuua asidi, kitambaa kikavu, mafuta. Sikulala. Kufikia asubuhi hamon ilikuwa imerudi, ingawa si kwa uzuri aliouacha mhunzi mwenyewe.

Mhunzi alikuja, akakipokea kwa mikono miwili, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza kidogo, akakigeuza tena, akanyamaza.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "hiki kidole ni cha mkono wa kulia au wa kushoto?"