Mzinga wa Fremu Haufai Kila Manzuki

Miradi mingi ya nyuki inayofika vijijini kwetu siku hizi huja na masanduku: mizinga ya Langstroth, yenye fremu za mbao ambamo nyuki hujenga masega, imepakwa rangi na kuandikwa namba. Pita tena baada ya misimu michache. Mingine imekuwa makazi ya mijusi, mingine ina nyuki lakini haifunguki. Lawama wanabebeshwa wanakijiji, eti hawapendi mambo ya kisasa. Naona wanaonewa. Mzinga umepelekwa kwenye manzuki, yaani mahali pa kufugia nyuki, ambapo vitu vinavyoufanya ufanye kazi havipo.

Lorenzo Langstroth alikuwa mchungaji wa kanisa huko Marekani, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mzinga huu mwaka 1852. Siri yake ni upenyo. Nyuki wakiachiwa nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi hawaijazi, wanaiacha kuwa njia yao. Ikiwa ndogo zaidi wanaiziba kwa gundi, ikiwa kubwa zaidi wanajenga sega. Ndiyo maana fremu inaweza kutolewa na kurudishwa bila kuvunja kitu. Sasa mpe fundi mbao mbichi na haraka ya kumaliza oda. Mbao zikikauka zinajipinda, upenyo unapanuka, nyuki wanaunganisha fremu na fremu, fremu na ukuta. Siku ya kurina unavunja kila kitu kwa panga. Hapo mfugaji amepewa mzinga wa gogo wenye pembe nne, kwa bei kubwa kuliko gogo.

Halafu kuna nyuki wenyewe. Nyuki wa nyika zetu ni wadogo kuliko wa Ulaya. Masega yao, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, huachana kwa milimita 32 hivi, wakati fremu za kawaida zimepimwa kwa 35. Hata karatasi za nta zinazotiwa kwenye fremu, zikiwa zimechapwa kwa kipimo cha Ulaya, vijumba vyake ni vikubwa mno kwa nyuki wetu. Na hawa si nyuki wa kujiandaa kwa majira marefu ya baridi. Wakikosa maua au maji, au wakisumbuliwa mno, wanahama. Ukifungua sanduku la fremu, kundi zima linabaki wazi kwa mara moja. Kwa nyuki wakali kama wetu hiyo ni vita, na mfugaji asiye na mavazi ya kinga ataacha kuukagua kabisa.

Kwa mfugaji anayeanza, mimi nachagua mzinga wa viunzi. Ulianza kutengenezwa Kenya miaka ya mwanzo ya 1970, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Guelph cha Canada, na Tanzania nayo ina aina zake. Hauna fremu. Juu kuna viunzi vya mbao vilivyobanana, kila kimoja upana wa milimita 32, na nyuki wananing'iniza sega lao chini ya kila kiunzi. Fundi anatakiwa kuwa mkali kwenye kipimo hicho kimoja, kwingine kote kosa dogo linasameheka. Kuta zimelala kidogo kuelekea ndani chini, hivyo masega hayashikani sana na ubavu. Na kwa kuwa viunzi vimebanana, ukiinua kimoja unafungua ufa mwembamba tu. Moshi kidogo unatosha, nyuki wengine hawajui hata kama umefika.

Uangalizi wake unafundishika kwa mtu yeyote mwenye subira. Paka nta kwenye viunzi na mchaichai karibu na mlango ili kuvuta kundi. Ning'iniza mzinga kwa waya uliopakwa grisi: sisimizi hawavuki, na nyegere anapata kazi ngumu. Sega unalolitoa lishike wima, usililaze ubavu, maana bado ni laini na litakatika, hasa kukiwa na joto. Kata yale yaliyofunikwa kwa nta sehemu kubwa, maana asali mbichi ina maji mengi na itachacha. Yenye majana, yaani watoto wa nyuki, na chavua yarudishe. Acha na masega ya asali kwa ajili ya kiangazi. Mfugaji anayekomba kila kitu asishangae kukuta mzinga mtupu.

Kuna jambo lingine ninalolithamini sana. Mzinga huu unakaa kimo cha kiuno. Kurina asali juu ya mti, usiku, kwa kamba, ilikuwa kazi ya wanaume karibu kila mahali. Mzinga wa viunzi umewafungulia wanawake mlango, na ningeuunga mkono hata kwa sababu hiyo peke yake.

Silidharau gogo. Mrina asali stadi wa Tabora au Kitui anajua majana hukaa karibu na mlango na asali nyuma, hivyo anaingilia upande wa nyuma na kuliacha kundi hai. Ninachopinga waziwazi ni mzinga wa gome. Kuutengeneza kunabambua mti mzima, na mti uliobambuliwa pande zote hufa. Miti ya miyombo inayobambuliwa ndiyo inayowalisha nyuki maua. Kila mzinga wa namna hiyo unapunguza chakula cha nyuki watakaoingia ndani yake.

Wala sikatai fremu kabisa. Mwenye fundi makini, mashine ya kukamulia na maua ya uhakika, atavuna asali nyingi zaidi, kwa sababu masega yanarudishwa yakiwa mazima na nyuki hawaanzi kujenga upya. Kutengeneza nta kunawagharimu nyuki asali nyingi. Kwa viunzi unakata sega, unapoteza kiasi hicho cha asali, ila unapata nta ya kuuza. Huo ni uamuzi wa kibiashara, na mfugaji ndiye aufanye, baada ya kujua nani atanunua nta na mashine itatoka wapi.

Wafadhili na halmashauri, kabla ya kuagiza masanduku, fundisheni mafundi wawili wa kijiji kupima viunzi kwa rula. Nunueni bomba la moshi, mavazi ya kinga na ndoo safi zenye mifuniko kwa kila kikundi. Kisha mlipeni bwana nyuki, yaani afisa wa ufugaji nyuki, nauli ya kurudi msimu wa kwanza wa kurina, na wa pili pia.